Uzi wa Katikati

Neno lenyewe alilitoa Emérence. Kama mtaa wa Muhumba ungetaka kumlaumu mtu kwa yote yaliyofuata, ungepaswa kuanzia kwake, si kwa mume wake Cirhuza, ambaye maskini wa Mungu aliyajua mambo ya umeme kwa Kifaransa tu, na kwa Kiswahili hakujua hata aanzie wapi.

Cirhuza alikuwa amesoma fizikia Ulaya, tena si kidogo. Alirudi Bukavu kabla ya kumaliza, bursa ya masomo ilipokatika, akapewa kufundisha katika chuo cha ualimu. Katika mfuko wa koti alirudi na kipande cha waya kirefu kama kidole. Ukikitazama ungesema ni shaba kama shaba nyingine zote. Lakini ncha yake moja alikuwa ameiyeyusha shaba kwa tindikali, na ndani mwake zikatokea nyuzi nyembamba kuliko nywele, mamia kwa mamia, zimesimama kama ufagio mdogo. Emérence aliambiwa asikiguse. Binti yao Colombe aliambiwa asikiguse. Hata paka, nadhani, aliambiwa.

Kazi yake ilikuwa hii. Waya wa namna ile ukipozwa sana, kwa baridi ambayo hata kileleni mwa Kahuzi hakuna aliyewahi kuiota, umeme hupita ndani yake bila kuzuiwa na chochote. Haupungui, wala waya haupati moto. Hilo wataalamu walikwishalijua. Alilotaka kulijua Cirhuza ni jinsi umeme unavyogawanyika kati ya zile nyuzi, kama kila uzi unapata sawa na mwenzake au kuna zinazopendelewa. Huwezi kuchungulia ndani ya waya, kwa hiyo alizichambua ncha, akazigawa mafungu, za nje, za kati na za ndani kabisa, yaani zile za katikati, na kila fungu akalivalisha pete ndogo inayohisi umeme unaopita. Za nje alizipima. Za kati alizipima. Fungu la ndani kabisa halikuwahi kuvalishwa pete, kwa sababu siku zake za Ulaya ziliisha.

Sasa maabara ilikuwa imemwita tena aje amalizie. Ilibaki karatasi ya kutoka nchini, na karatasi hiyo haikutoka mpaka mkuu wa chama wa mtaa aandike kwamba citoyen huyu, yaani raia huyu, ana mwenendo mzuri. Mkuu huyo alikuwa Bulonza, mtu mnene mwenyeji wa Kamituga, abacost yake, suti ya chama isiyo na tai, imenyooshwa kwa pasi kila siku ya Mungu hata kama anakwenda kunyolewa tu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kuheshimiwa, na nani hapendi. Alimwambia Cirhuza kwamba ataandika kwa moyo wote, ila kwanza msomi aje mbele ya watu aeleze, kwa Kiswahili ambacho kila mama wa soko atakielewa, ni kitu gani hicho anachokifuata huko mbali.

Basi wiki nzima ile mume na mke walikaa kwenye meza ya jikoni wakitafuta maneno. Emérence alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiswahili cha vitabu alikuwa nacho. Yeye anachagua mawe kwenye maharage, mume anauliza, yeye anajibu. Walipofika kwenye neno résistance, kile kinachouzuia umeme usipite, wakakwama. Emérence alijaribu "ubishi": waya usio na ubishi. Cirhuza alicheka mpaka akashika mbavu, akasema hapana, ni neno zuri lakini halina uzito. Ndipo Emérence akakumbuka neno alilolisikia redioni, akasema jaribu "upinzani". Waya usiokuwa na upinzani. Cirhuza akaliandika, akapiga mstari chini yake, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri zaidi ya waya.

Siku zile Emérence alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma. Tangu waoane hakuwahi kuulizwa na mume wake swali juu ya kazi yake na kisha mume akangoja jibu. Cirhuza aliwapa watu wote muda wake, wanafunzi, maprofesa, ndugu wa kijijini, padri wa parokia, na kilichobaki, kama kilibaki, ndicho kilifika nyumbani. Safari ya kwanza ya Ulaya ilimkuta Emérence mjamzito. Alimzaa Colombe peke yake, na mtoto alianza kutembea kabla baba hajamwona. Sasa mtu huyuhuyu alikuwa anafunga sanduku tena. Emérence hakutaka aende. Hakuwa amelisema kwa mdomo, lakini hakutaka kabisa.

Jumamosi ukumbi wa mtaa ulijaa. Wengine walikuja kwa kupenda, wengine kwa sababu waliambiwa majina yatasomwa. Baada ya kikundi cha animation kucheza na kuimba sifa za chama mpaka jasho likawatoka, Cirhuza alisimama na kile kipande chake cha waya. Alianza kwa kigugumizi, kisha akachangamka. Aliposema kwamba katika baridi kuu waya ule hauna upinzani wowote, Bulonza aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Musikie, ba citoyens," akasema, ameinua kidole. "Waya bila upinzani. Hata waya inaelewa. Courant, ule umeme, inatoka juu, inapita, hakuna wa kuikatalia."

Makofi yakapigwa. Bulonza alirudi kukaa akiwa amenona kwa raha, na Emérence, aliyekuwa safu ya mbele, alijua kwamba karatasi ni kama imekwisha kuandikwa. Alipiga makofi pamoja na wengine huku roho yake ikizama.

Ndipo maman Apolline akaomba neno. Huyu alikuwa mama wa kuuza mananasi ya kisiwa cha Idjwi pale chini penye bandari, mjane mwenye sauti ya kuitia mitumbwi, ambaye hajawahi kuelewa kwa nini mtu aone swali na kulimeza. Hakuwa na ujanja wowote. Alitaka kujua tu.

"Papa professeur, aksanti," akasema. "Ile ma nyuzi yote iko ndani ya waya moja. Courant ikikuja, yote inakula sawasawa?"

Emérence alimwona mume wake akijikuna sikio la kushoto, jambo analolifanya akiwa amebanwa. Alijua anachokiwaza, kwa maana na yeye alikuwa amekwisha kuliona shimo lile: mbele ya chama, neno la kula halitabaki la waya tu. Jibu rahisi lilikuwepo: ndiyo maman, sawasawa, asante kwa swali. Nani angempinga? Ukumbi mzima haukuwa na mtu mwingine aliyewahi kuuona waya huo. Cirhuza alimtazama mke wake. Na Emérence akatikisa kichwa kukubali, polepole, kumwambia sema kweli.

"Hapana, maman," Cirhuza akasema. "Haikule sawasawa. Ya inje ndiyo inakula kwanza. Inajaza mpaka haiwezi tena, na ya katikati inabakia inangojea."

Maman Apolline akauliza, kwa huruma ya kweli kabisa, na ule uzi wa katikati yenyewe, inakulaka lini. Cirhuza akajibu kwamba hajui, hajaupima bado, na hasa ndiyo sababu anaomba kusafiri. Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Maman Apolline akauliza kama hakuna dawa, na Cirhuza, ambaye akishaanza kueleza hakuna wa kumsimamisha, akasema ipo, ni kuzisuka nyuzi kama nywele, ili kila moja ipate tour yake, zamu yake, ya kukaa inje.

Hapo watu walicheka. Walicheka kwa nguvu, kwa kupigana mabega, kama watu ambao hawakucheka muda mrefu. Bulonza hakucheka. Alifunga kifungo cha juu cha abacost, akatangaza kwamba mkutano umekwisha.

Mji huu una mdomo. Kabla ya misa ya Jumapili neno lilikuwa limeshuka mpaka sokoni na kupanda mpaka Kadutu. Mwenye gari akawa "uzi wa inje". Wanawake waliosubiri maji bombani wakaulizana kama wao ni wa kati au wa katikati kabisa. Na Bulonza, kila alipopita na gari lake la chama, watoto walipiga mluzi na kuita "Uzi wa inje anapita" kisha wakatawanyika vichochoroni. Karatasi ya Cirhuza ilibaki ndani ya meza ya Bulonza. Aliyeulizia aliambiwa inachunguzwa.

Sasa Emérence alikuwa amepata alichokitaka. Mume wake alibaki. Alirudi kutoka chuoni mapema, akamsaidia Colombe na hesabu, akakaa jikoni, akakubali kila kitu. Ulize utakalo, anasema sawa. Chakula kizuri? Sawa. Mvua itanyesha? Sawa. Aliacha hata kugombana na redio. Kile kipande cha waya alikiweka dirishani, na siku moja Emérence alimkuta Colombe anakichezea, anakisugua shavuni ile ncha yenye nyuzi, na baba yake yupo palepale anatazama asiseme neno.

"Papa," mtoto akauliza, "huu wa katikati iko gani?"

"Sijue," Cirhuza akasema. "Uchague wowote."

Emérence aliingia chumbani akakaa juu ya kitanda. Alikuwa ameolewa na mtu anayetaka kujua, na sasa mtu huyo alikuwa amemwambia mtoto achague wowote. Na yeye Emérence ndiye aliyetikisa kichwa pale ukumbini. Kila mtu alimsifu kwamba alimpa mumewe moyo wa kusema kweli. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba alipotikisa kichwa alijua pia kwamba ukweli ule utamfungia mume wake mlango, na kwamba sehemu moja ya moyo wake ilifurahi. Aliona aibu iliyomchoma. Alijifunga kitenge chake cha kwendea kanisani, akashuka kwenda kwa Bulonza.

Bulonza alimpokea ofisini bila kumwambia akae. Alimuuliza kama ni kweli kwamba lile neno upinzani lilitoka kwake. Emérence akakubali, akasema alilitafuta kwa ajili ya waya tu. Bulonza akasema jambo ambalo Emérence hakulitegemea.

"Maman Colombe, bibi yangu mwenyewe wa ndoa iko ananiita vile. Naomba chumvi ku meza, anasema, muletee uzi wa inje chumvi." Alipangusa uso kwa leso. "Miye nilizaliwa Kamituga. Papa yangu alichimba dhahabu, hakuvaaka hata pete. Ba kubwa ba kule juu banakula, miye banipatia gari ya kupeleka ma barua yabo. Mutaa inafikiri nakula. Miye iko uzi wa katikati kama beye ba mutaa."

Alikuwa ameumia kweli. Emérence alimwangalia mtu yule mnene aliyebanwa na kola yake, na hasira yote aliyokuja nayo ikamtoka. Alimhurumia, na kumhurumia kukampa neno la kusema.

"Kama uko wa katikati, papa," akasema, "basi na weye unapenda kujua kama courant inafikaka kule. Hakuna mutu mwingine wa kupima. Ni huyu tu."

Bulonza alicheka puani. Alivuta droo, akaitoa karatasi, akaiweka mezani, lakini mkono akauacha juu yake. Alimuuliza kama hajaona kwamba anaomba mume wake aondoke. Wanawake wengine wangekuja kumshukuru kwa kumzuia. Akienda, yeye Emérence atapata nini?

"Miye?" Emérence akasema. "Miye iko ule wa katikati kabisa, papa. Nangojeaka ba inje bashibe. Nimezoea. Lakini uandike. Kule nyumbani iko mutu anakaa tu, hayuko tena bwana yangu wa zamani."

Bulonza aliandika. Aliandika taratibu, akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke. Alipompa karatasi alisema kwa sauti ndogo kwamba professeur akipima, na yeye aambiwe.

Cirhuza alipoipata karatasi ile alimbeba Emérence juu kama bibi harusi, akamzungusha jikoni, kisha akamweka chini na kukimbilia sanduku, huku anasema mambo ya pete na baridi. Mpaka kesho yake ndipo alipokumbuka kuuliza imepatikanaje. Emérence alimjibu kwamba Bulonza ni mtu mwema. Cirhuza akasema sawa, akapanda ndege.

Mvua zikaja, zikaenda, zikarudi. Na katika kipindi hicho mambo ya kule juu yaligeuka, kama yanavyogeuka, na wakuu wa mitaa wengi wakaondolewa kwa tangazo moja la redio. Bulonza alinyang'anywa gari hata kabla ya kumaliza kifungua kinywa. Watoto hawakumpigia mluzi tena, wala watu wazima hawakumsalimu. Kitu pekee kilichomsalia kutoka enzi zake ni mashine ya kaseti, kubwa, yenye mishikio ya kung'aa, ambayo mtaani hakukuwa na nyingine.

Kwa hiyo padri mmoja aliyetoka likizo Ulaya alipoleta kaseti kutoka kwa Cirhuza, Emérence hakuwa na pa kuisikilizia ila huko. Alimkuta Bulonza barazani, amevaa shati la kitenge lililofifia, anachambua maharage. Emérence akamwambia kwamba professeur amepima. Bulonza alisimama upesi hata sahani ikayumba.

Walikaa sebuleni, mashine katikati yao. Kwanza Cirhuza aliwasalimu watu wote, na wote ni wote, ndugu, chuo, parokia, majirani, hata Emérence akaanza kuuma mdomo. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya meza ya jikoni.

"Mama Colombe, ya katikati nimeivalisha pete. Inapata. Inapata nyuma ya zote, wakati ya inje imeshajaa. Ile nilikuwa nafikiria. Lakini iko kitu sikufikiria. Tulipunguza courant polepole mupaka tukaikata. Ukipima waya muzima, hakuna kitu, zero. Sasa nikaangalia fungu kwa fungu. Ya inje ndiyo inageuka kwanza. Courant ikipunguka kidogo tu, inageuka, inatembea kinyume. Ya katikati haigeuke. Ile ilipata, inabaki nayo, hata kama machine imezimwa. Nilikaa pale chini nikakukumbuka sana. Bulonza alimwambia padri wa parokia yote, na padri akaniandikia kama ulienda kule ofisini, na ile ulisema. Sikujua. Nisamehe."

Kaseti ikaendelea kukwaruza bila maneno. Emérence alikuwa analia wazi, bila kujificha, mikono juu ya magoti.

"Basi miye nilikuwa wa inje kweli," akasema Bulonza. "Kule juu ilipogeuka, miye ndiye wa kwanza kukosa. Na sikujua."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyepewa jibu la swali lililomsumbua, na jibu likawa si alilolitaka, lakini ni jibu. Aliigeuza kaseti upande wa pili, akamwonyesha Emérence kitufe chekundu cha kurekodia, akachukua sahani yake ya maharage na kutoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

Emérence alipangusa uso kwa pembe ya kitenge. Alikuwa amejaa maneno mengi, ya shukrani, ya hasira, ya miaka. Alifurahi kwamba amekumbukwa, na papo hapo alikasirika, kwa maana naye ni mtu, na kubaki na kitu baada ya mashine kuzimwa si kazi nyepesi kama inavyosikika kwenye kaseti. Akabonyeza kitufe, akainamia mashine karibu sana.

"Papa Colombe, nimesikia," akasema. "Nimefurahi juu yako. Lakini miye nimechoka kubaki na ya zamani. Umeshapima, sasa rudi. Na ukifika Bukavu, usianze na chuo, usianze na parokia. Mara hii uanze na katikati."